Maisha ya Sriyani Mizobata, Mpiga Zumari wa Hekalu Letu

Mheshimiwa kuhani, ndugu, majirani na wafiwa wenzangu, kwa niaba ya familia ya Mizobata naomba nisome maisha ya wifi yangu Sriyani, na walio nyuma wasiponisikia wanyooshe mikono, nitarudia taratibu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1953 wilayani Matale, Sri Lanka, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana na Bibi Jayakody, wafanyakazi wa shamba la chai, akasoma shule ya msingi hapo shambani na sekondari mjini Kandy, na Aprili 1977 akaja chuo kikuu mjini Toyama, hapa Japani, kwa ufadhili wa masomo, kusomea uyeyushaji wa metali, akapanga chumba kwa mama yetu hapa Takaoka.

Dirisha lake lilitazamana na nyumba ya Mzee Eisaku Nonomura, aliyekuwa akipiga zumari ya hekalu hili, ile fupi ya mwanzi, na baada ya kumsikiliza majira mazima ya baridi alikwenda kuomba afundishwe, Mzee akamwambia, "Zumari siyo pambo la kupeleka kwenu, binti," naye akajibu, "Sitaki kuipeleka popote, Mwalimu, nataka kukaa nayo." Akapokewa kwa desturi yetu, ambayo humtaka mwanafunzi aimbe wimbo kwa mdomo, chi, ra, ro, huku akipiga goti kwa kiganja, kabla hajagusa ala, na ingawa wenzake waliimba miezi sita, yeye aliimbishwa mwaka mzima na zaidi, wala hakuuliza kwa nini.

Oktoba 1979 Mzee Nonomura aling'oka meno mawili ya mbele, na bila meno hayo midomo haishiki tete, kile kipande cha unyasi kinachopulizwa mdomoni mwa zumari, nayo ibada kuu ya kumkumbuka mwasisi ilikuwa tarehe 28 Novemba, ibada ambamo zumari hubeba wimbo tangu kuhani anapoingia hadi anapoketi, na wimbo haupaswi kukatika. Mzee alipomtaja Sriyani ashike nafasi yake, wazee wa kikundi cha wapigaji wa hekalu walibishana siku tatu, mmoja akisema, "Afadhali tupige bila wimbo kuliko kuongozwa na mgeni," Mzee akamjibu, "Basi puliza wewe, mwenye meno yote na huna pumzi ya kuzima mshumaa," hatimaye wakakubali apige siku hiyo tu, na wimbo ukimkatikia asikanyage tena kikundini.

Tete la zumari hulainishwa kwa kulowekwa kwenye chai ya uvuguvugu, lakini asubuhi ile marehemu, mtoto wa shamba la chai, aliimimina ikichemka, kama mama yake alivyomfundisha kuwakirimu wageni, na kuhani alipofika katikati ya ukumbi tete likapasuka, zumari ikanyamaza. Nilikuwa safu ya tatu, nikamwona akiilaza mapajani, akanyoosha mgongo, akaupokea wimbo kwa mdomo palepale ulipoanguka, chi, ra, ro, kwa sauti isiyo kubwa wala ya kutetemeka, na watu mia tatu tuliokuwa tukikohoa na kusogeza miguu tukawa kama hatupo, filimbi za kikundi zikamfuata, kuhani akapunguza hatua zake, nami nikamshika mama mkono kama mtoto. Nimeishi miaka sabini na minne, sijapata tena kusikia ukimya wa namna ile.

Nje, Mzee Nonomura alimkabili, "Nani alikuruhusu kuimba humo?" naye akasema, "Hakuna, Mwalimu, ila pumzi bado nilikuwa nayo," Mzee akauliza, "Chai uliichemsha?" akakiri, na Mzee akasema, "Tete si jani, mwanangu," ikawa mara ya kwanza kumwita hivyo. Bibi Tsuneko, muuza tofu, akawageukia wazee, "Nimeisikia zumari hii miaka sitini, leo ndiyo nimeelewa inachosema, atakayemfukuza asije kwangu kununua tofu," na hakuna aliyemfukuza.

Kuanzia 1981 hadi 2013 alifanya kazi katika kiwanda cha kengele cha mtaani kwetu, na tarehe 3 Mei 1982 aliolewa na kaka yangu Kichiji, mpiga ngoma wa kikundi, wakajaliwa Fumiyo mwaka 1984 na Ruwan mwaka 1987. Mwaka 2019 mapafu yake yalianza kukakamaa, akaendelea kuwafundisha watoto kila Jumamosi hadi pumzi ilipomkataza, akafariki hospitalini tarehe 6 Februari 2022, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na minane.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kiwandani, majirani mliofagia theluji mlangoni kwetu bila kuombwa, na ndugu wa Matale wanaotusikiliza kwa simu.

Jana kiongozi wa kikundi alifungua kitabu cha wapigaji ili aandike tarehe ya kifo, tukakuta mstari wa mwaka 1979 unasema, "Sriyani Jayakody, mgeni, wa siku moja," na kwa miaka arobaini na miwili hakuna aliyekumbuka kuufuta. Aliniuliza kama tuusahihishe, nikamwambia auache, ili watoto watakaousoma waulize siku hiyo ilikuwa na urefu gani, nasi tuliobaki tuwasimulie.

Wifi yangu, umefika kwenu, pumzika.