Naome Kabugho, Mwenye Kisima (1958–2025)

Jamaa na marafiki, kwetu anayesoma maisha ya marehemu hakatizwi, na aliyekuja mazikoni haondoki kabla ya udongo kutupwa. Mama Naome aliijua desturi hiyo vizuri. Ndiyo maana maneno haya aliyapanga mwenyewe, akamwachia binti yake Evas ayasome, akaagiza pia jirani yake, Bwana Crispus, apewe kiti cha mbele.

Mama Naome alizaliwa tarehe 14 Juni 1958 huko Kyondo, binti wa tatu wa wakulima wa kahawa, kama linavyosema jina la Kabugho, ambalo kwetu hupewa binti wa tatu.

Alisoma palepale Kyondo hadi darasa la sita. Mwalimu mmoja alimsingizia kuiba ndizi zake, akamchapa mbele ya wenzake. Miaka mingi baadaye mwalimu huyo aliingia katika mkahawa ambao Mama alikuwa amefungua Bwera, mji wa mpakani. Mama alimpa chai na chapati, na pembeni akamwekea ndizi moja mbivu. "Hii ndiyo ile sikuiba, mwalimu," akamwambia, akaenda kuhudumia wengine. Ndivyo alivyokuwa: hakusahau, wala hakuwa na haraka.

Tarehe 8 Desemba 1979 aliolewa na marehemu Ruben Bwambale wa Bwera. Ruben aliapa kwamba mkewe hatabeba tena maji mgongoni kutoka mtoni, akamchimbia kisima kwa mikono yake mwenyewe. Maji yake yalikuwa matamu, na chai ya Mama Naome ikajulikana hadi ng'ambo ya mpaka.

Mwaka 1998 Bwana Crispus alijenga kituo cha petroli juu ya mteremko, tangi lake likafukiwa ardhini. Mwaka 2016 Geneviève, muuza vitenge wa kutoka Butembo, alitema chai mezani. "Mama Naome, hii chai iko inanuka esansi! Unataka kutuwasha moto?" Esansi kwao ni petroli, na watu walicheka. Mama alikwenda kunusa kisima chake, kisha akapanda hadi kituoni kuuliza. Bwana Crispus alimjibu mbele ya madereva wote: "Mama, maji iko safi. Wewe nawa mikono mbele ya kupika."

Neno hilo lilifika sokoni kabla yake. Naome mchafu, Naome anapika na mikono ya mafuta ya taa. Kufikia 2018 mkahawa ulifungwa, na mwanamke aliyelisha nusu ya Bwera akawa hasalimiwi ila kwa kuonewa huruma. Hilo lilimuuma kuliko njaa.

Machi 2022 iliamriwa tangi lile kuukuu liondolewe. Mama alisimama kando ya kamba ya kuzuia watu tangu asubuhi. Winchi ilipolinyanyua, kitako chake kilikuwa kimeliwa na kutu, kidole kinapita. Udongo wa chini ulikuwa wa kijivu na ulinuka hata watazamaji wakaziba pua. Atuhaire, mtaalamu wa mazingira, alitoboa mashimo kufuata mteremko hadi kisimani, akachukua udongo na maji katika chupa akavipime. Majibu aliyatangaza hadharani: petroli ilikuwa imezama hadi kwenye maji ya ardhini na kuteremka nayo. Mama alingoja sentensi moja tu kutoka kwa Bwana Crispus, kwamba Naome hakuwa mchafu. Hakuipata.

Atuhaire aliagiza udongo ule usitumike popote. Lakini Bwana Crispus hawezi kuona kitu cha bure kikatupwa, akaujazia chini ya sakafu ya nyumba yake mpya. Majirani walimwomba Mama amwonye. "Yeye alisema iko safi," akajibu, akaketi kutazama simenti ikimwagwa. Hadi leo jua likiwaka, nyumba ile haikaliki. Mama alifurahi sana, na familia haitalificha hilo.

Kuanzia 2023 alisumbuliwa na figo, akatibiwa Bwera na baadaye Kasese. Madaktari hawakusema ni kisima, na familia haitasema isilolijua. Wiki yake ya mwisho Bwana Crispus alikuja kumwona, amebeba sukari.

"Iko neno moja unataka kuniambia?" Mama akamwuliza.

"Pole na ugonjwa, mama."

Mama akageukia ukuta. Alipoondoka mgeni, alimwita Evas, akaanza kupanga maneno haya. Alifariki alasiri ya tarehe 2 Mei 2025.

Ameacha watoto watatu, Evas, Mariat na David, wajukuu saba, kisima kimoja kisichonyweka, na jirani mmoja.

Baada ya udongo, waombolezaji watanawa mikono langoni kama ilivyo desturi. Mapipa ya maji ya mvua ni ya watu wote. Ndoo nyekundu ni ya Bwana Crispus peke yake, na Evas atammiminia. Maji yake yametekwa kisimani asubuhi hii. Asipotaka kunawa, aseme sababu kwa sauti, Bwera yote isikie.

Mama Naome Kabugho atapumzika kwa amani, Bwana Crispus akishachagua.