Vampaya Aliyeomba Dirisha Lifungwe

Benchi letu liko kati ya kinyozi na kibanda cha video, na asubuhi ile mlangoni pa kibanda palikuwa na bango jipya la vampaya: koti jeusi, nywele zimelazwa kwa mafuta, meno mawili yanachungulia mdomoni, na msichana kamlalia begani kama mtu aliyefika nyumbani. Mimi nauza kahawa hapo. Naitwa Mama Birika, hata na watu wanaonizidi umri, na kazi yangu ni kumimina na kusikiliza. Kumimina hakunichoshi. Siku hiyo Sauti, mwenye kibanda, yule anayetafsiri filamu za nje kwa mdomo wake huku watu wanatazama, alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kikombe kimempoa mkononi. Binti yake alijifungua salama usiku wa kuamkia jana, halafu damu ikakataa kukata. Stoo ya damu hospitalini imekauka, na ndugu wameambiwa walete watu wa kutoa kabla ya jioni. Sauti mwenyewe alipimwa akakataliwa kwa sababu ya presha. Mkwewe ametoa. Walihitajika watu wawili zaidi, na Sauti amekuja kuwaomba wenzake.

Alinieleza mimi kwanza, taratibu, wakati namimina. Akasema atawaambia wakitulia. Nikamtazama tu, maana hawa watu nawajua, hawana kutulia. Wao walijua amepata mjukuu na wakampa hongera zake. Walipomwona bado amenuna, wakaamua kumchangamsha kwa kumzungumzia vampaya wake.

Kinyozi ndiye aliyeanza. Duka lake halikuwa na mteja, na yeye akikosa kichwa cha kunyoa hutafuta cha kusumbua.

— Naomba mnieleze kitu kimoja. Bibi zetu walitutisha na mumiani mpaka tukawa tunalala tumejifunika gubigubi. Huyu naye anakunywa damu vilevile. Mbona wasichana wanabandika picha yake ukutani?

— Mumiani hakuchana nywele, akasema Mstaafu.

Mstaafu alikuwa karani wa ofisi ya maji. Siku hizi ni karani wa gazeti lake, analisoma kuanzia ukurasa wa nyuma.

— Hapo ndipo napotaka mimi, akasema Kinyozi. Vampaya hajioni kwenye kioo. Si ndivyo, Sauti?

Sauti akaitikia kwa kichwa.

— Sasa nani anamtengeneza nywele zote zile? Ana kinyozi wake. Kuna mwenzangu mahali anakwenda kila jioni kwenye jumba lile na mkasi wake, anafanya kazi, anarudi. Na shingo yake iko wazi muda wote. Mbona yeye hang'atwi?

— Kwa sababu anahitajika, akasema Mstaafu.

— Basi siri ndiyo hiyo. Ukitaka kupona, uwe na kazi ambayo mnyonyaji hawezi kujifanyia mwenyewe.

Wakacheka. Sauti alifungua mdomo, nikadhani sasa anasema, lakini Mstaafu alikuwa ameshakunja gazeti, na Mstaafu akikunja gazeti ujue ana hotuba.

— Ninyi mnatazama nywele. Tazameni adabu yake. Haingii ndani kwa mtu mpaka akaribishwe. Anasimama mlangoni, anatabasamu, anasubiri useme karibu. Ukishasema, imekula kwako. Nani mwingine mnamjua mwenye adabu ya namna hiyo?

— Mgombea, akasema Kinyozi.

— Mimi sijataja mtu.

Akaendelea. Kwa maelezo yake, vampaya hazeeki kwa sababu hakuna anayemwondoa. Yuko kwenye jumba lilelile miaka mia tatu, na wanakijiji wa chini ya mlima kila mwaka wanapoteza binti, wanazika, wanarudi shambani. Ukiwauliza watakuambia huyu angalau wamemzoea, akija mwingine atakuja na njaa mpya. Filamu zote hizo, alisema Mstaafu, si za kutisha. Ni za kutufundisha subira.

Nilitaka kuwaambia langu, nikaona sina haja. Mimi naona vampaya anapendwa kwa sababu anachagua. Anapita katikati ya mji mzima, anamwona msichana mmoja muuza maua, anamwambia, nimevuka bahari kwa ajili yako. Sisi wengine tunanyonywa maisha yetu yote na watu ambao hata usoni hawajatutazama. Ukiwa umezoea kunyonywa hivyo, anayekutazama machoni kabla hajakung'ata utamwona ana mapenzi. Hayo ndiyo mawazo yangu, na yananiuma, kwa hiyo nikaendelea kusuuza vikombe.

Ndipo Bondia akasimama. Bondia ni mlinzi wa ghala la saruji, ana mwili wa watu wawili, na niliona tangu mwanzo kwamba Sauti alikuwa akimtazama yeye kuliko wengine. Alikuwa amepandisha mikono ya shati mpaka mabegani. Mishipa imemsimama kama kamba.

— Mnacheza ninyi. Hizi filamu ni mazoezi. Wanatuonyesha vampaya mzuri, tumzoee, tumpende, ili siku akija wa kweli tusipige kelele. Na wa kweli ameshakuja. Haji na meno. Atahangaika na meno ya nini, wakati kuna mifuko na mipira na vitanda vya kulalia? Sauti alishatuambia kwenye ile filamu ya kwanza. Semeni wote.

Wakasema wote, maana mtaa mzima unaijua. Watoto wanaiimba wakikimbizana, na mimi mwenyewe nimewahi kuisema nikifukuza paka:

— Msiniogope mimi mwenye meno. Mwogopeni mwenye sindano. Yeye ndiye anayenichotea.

Na hii si hadithi ya kucheka tu. Mwaka jana gari la damu lilisimama uwanjani kutwa nzima. Wauguzi wawili walikaa chini ya turubai wakipepea nzi. Watoto wakawaimbia ile sentensi, watu wazima tukacheka, na jioni gari likaondoka na masanduku yake matupu. Sikumbuki kama kuna aliyeona vibaya.

Sauti akaweka kikombe chini. Akasema wamsikilize kidogo, kisha akawaeleza yote: binti, damu, stoo, presha yake, watu wawili, kabla ya jioni. Alieleza vizuri, ndiyo kazi yake. Yule binti kakulia hapo hapo. Alikuwa akikaa miguuni pangu na daftari zake za shule, akimsubiri baba yake amalize filamu, na Bondia ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli.

Kwanza walisikitika sana. Walisikitika mpaka nikapata matumaini. Kisha Mstaafu akakumbuka dawa zake za moyo, akasema angekuwa kijana asingesubiri kuambiwa mara mbili. Huyo nikamsamehe. Kinyozi akasema ukitolewa damu mikono inatetemeka, na yeye anashika wembe kwenye shingo za watu. Akasema watu wanamwamini. Akabaki Bondia, na wote tukamtazama Bondia.

— Kaka, huyo ni mwanangu pia, akasema. Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyetuambia.

— Niliwaambia nini?

— Kuhusu mwenye sindano.

Sauti akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele za watu.

— Ile nilitunga mimi.

— Ulitunga nini?

— Ile sentensi. Ilikuwa sehemu ndefu, vampaya amekaa na mtumishi wake, wanaongea mambo ya nyumbani, watu wameanza kusinzia. Nikawachangamsha.

— Na yeye vampaya alisema nini?

— Alisema dirisha lifungwe. Baridi inaingia.

Bondia akatikisa kichwa polepole.

— Hapana.

— Nakuambia alimwomba yule mtumishi afunge dirisha. Basi. Hakuna sindano, hakuna wa kumchotea.

— Vampaya anasikia baridi?

— Sijui, Bondia. Sijaandika mimi filamu.

— Si umesema umetunga wewe?

Mstaafu akaingilia kati, kwa sauti ile ya ofisini. Alisema tuwe wakweli. Kama mtu anatafsiri kitu siku ambayo hana shida na mtu, halafu anakitafsiri upya siku ambayo anahitaji damu, mwenye akili ataamini tafsiri ipi? Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana ilimkata Sauti vibaya zaidi.

— Mwanangu anakufa, akasema Sauti. Nitawadanganyaje leo?

— Leo ndiyo siku ya kudanganya, akasema Bondia. Hata mimi ningedanganya. Sikulaumu.

Nilimwona Sauti akitafuta neno. Huyu ni mtu ambaye amewahi kuwaliza watu kibanda kizima kwa kifo cha farasi. Ameongea kwa sauti ya mfalme, ya mtoto, ya mbwa mwitu, na kila mara walimwamini. Sasa alikuwa anaongea kwa sauti yake mwenyewe na hakuna hata mmoja aliyeitambua. Akasema wakitaka aitafsiri ile filamu upya, sasa hivi, neno kwa neno, bure. Kinyozi akasema haina maana, wao ile lugha hawaijui, watajuaje safari hii amesema kweli. Nadhani hilo ndilo lililommaliza. Akainamisha kichwa, na benchi zima likainamisha vichwa pamoja naye, kama vile tayari tuko msibani.

Mkwewe akafika wakati huohuo. Ni fundi wa kujenga, suruali ina saruji mpaka magotini, na kwenye kiwiko kwa ndani kuna pamba imebandikwa kwa plasta. Hakukaa. Akasema shikamooni, wazee wangu, wakaitikia. Akamuuliza baba mkwe wako wapi watu. Yule kijana akatazama bango, akamtazama baba mkwe, akatutazama sisi. Hakuwa na hasira, na mimi ningependa angekuwa nayo.

— Mke wangu yuko macho, akasema. Anajua baba amekuja huku. Ameniambia nisihangaike kwingine, pale kijiweni hawakosekani, wamemlea wale. Nikirudi ataniuliza nani anakuja. Nimtaje nani?

Mstaafu akafungua gazeti. Kinyozi akaenda kufagia nywele ambazo alishazifagia. Bondia akashusha mikono ya shati, mmoja, halafu wa pili, akafunga vifungo vya mikononi kimoja kimoja. Yule kijana alisubiri muda wa kutosha, nadhani kwa kuwa kwao walimfundisha kuwapa wakubwa nafasi. Kisha akamshika baba mkwe kiwiko, akamwinua, wakaanza kuondoka.

Hawajafika hata kwenye kona, Bondia akaninyooshea kikombe.

— Ongeza, Mama Birika. Koo limekauka.

— Kahawa imeisha.

— Si hiyo hapo inatoa moshi?

Nikaliinua birika, nikalimimina lote mtaroni, mpaka machicha yakatoka.

— Imeisha.

Nikajitanda mtandio, nikawafuata. Msinione shujaa. Sindano naiogopa mpaka leo, na njia nzima ile sentensi ilikuwa inanizunguka kichwani, na ilikuwa nzuri, aliisema vizuri mno siku ile, na sehemu fulani yangu bado inaiamini kuliko dirisha. Nilipowafikia nikamwambia yule kijana akamtaje Mama Birika.

Akanishukuru kwa mikono miwili. Nyuma yetu nikamsikia Kinyozi akiuliza kama jioni kibanda kitafunguliwa. Sauti naye alisikia, nikajua kwa namna alivyosita. Hatukugeuka.

— Na wa pili, mama, nimtaje nani? akauliza yule kijana.

Nikamwambia tutembee.