Mdakaji Anselmo Hodge, Aliyecheza kwa Jina la Mdogo Wake

Mchungaji, ndugu, majirani wa mtaa wa Punta Seca, na ninyi wachezaji wa zamani mliotoka mbali, familia imeomba maisha ya marehemu yasomwe kama yalivyokuwa, na majina yatajwe kama wazazi walivyoyatoa, kwa hiyo mliokuja kumzika Eliseo Hodge tunawaomba mvumilie kidogo, hamjakosea msiba, ila jina mlilokuja nalo si la marehemu.

Marehemu Anselmo Hodge alizaliwa tarehe 14 Februari 1961 katika kambi ya wakata miwa nje ya San Pedro de Macorís, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Natanael Hodge, mkata miwa wa kiwanda cha sukari, na Mama Ercilia, aliyekuwa akifua nguo za watu. Mdogo wake wa pekee, Eliseo, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1964, na kwa kuwa alimfuata kaka yake kila alikokwenda watu walimwita Mdogo, na wengi waliokaa hapa hawamjui kwa jina lingine.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akaiacha mwaka 1975 baba yao alipofariki, akaingia kwenye miwa na panga la baba. Jioni yeye na Mdogo walicheza besiboli kwa mpira wa soksi zilizoviringwa na glovu ya boksi la maziwa, Mdogo akirusha na yeye akichuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka, nafasi ambayo watoto wengine waliikimbia kwa sababu inaumiza, na waliowaona enzi hizo wanasema mkono wa Mdogo ulikuwa mali kuliko mikono ya kaka yake.

Mwezi Oktoba 1982 alifika wakala mmoja aliyeitafutia klabu ya Marekani wachezaji, aitwaye Fausto Brea, akamtazama marehemu akidaka asubuhi nzima, kisha akaja nyumbani akamwambia Mama Ercilia, "Mama, huyu kijana ana mikono, lakini ana miaka ishirini na moja, na kwa Wamarekani huyo ni babu tayari. Huna mwingine mdogo zaidi?" Mama akajibu kwamba anaye, lakini ni mrushaji. "Warushaji ninao debe zima, mama yangu, nipe cheti chake tu cha kuzaliwa." Mdogo alikuwa mezani anakula, ana miaka kumi na minane, hakuinua uso, akasema, "Mpeni. Lakini msimu mmoja tu, kaka, halafu unirudishie." Marehemu akaapa mbele ya mama yao.

Cheti cha marehemu mwenyewe kilichomwa siku hiyo hiyo kwenye jiko la mkaa, na kwa kuwa klabu ilikuwa na desturi ya kutuma mtu kuuliza majirani, Brea alisema mtoto wa kwanza hawezi kutoweka hivi hivi, lazima awe na kaburi, ndipo ukasimamishwa makaburini msalaba wa mbao ulioandikwa Anselmo Hodge, 1961 hadi 1975, na mtaa mzima ukaombwa useme kwamba alizama mto Higuamo. Mtu wa klabu alipokuja, jirani yetu Bibi Tatica alilia kwa nguvu mpaka Mama Ercilia akamnong'oneza, "Punguza, wewe, utamfufua." Mkataba ukasainiwa tarehe 12 Novemba 1982 kwa jina la Eliseo Hodge, na mwezi Machi uliofuata marehemu akapanda ndege kwenda Florida.

Alidaka kwa miaka kumi na tisa, majira ya joto Amerika na baadaye Meksiko, majira ya baridi hapa nyumbani, akavunjwa vidole vyote vya mkono wa kulia, vingine zaidi ya mara moja, na mwaka 1989 alifika ligi kuu, akakaa huko tangu Julai hadi msimu ulipokwisha. Warushaji walimpenda kwa kuwa hakuwahi kuwafokea, na wapigaji walimwogopa kwa mdomo wake, maana aliwasemesha chini kwa chini wakati mpira unakuja, "Kaka, mkeo amekaa pale juu na yule mwenye kofia nyekundu, ni shemeji yako?" na mpigaji akigeuza jicho tu, mpira umeshapita.

Lakini naye alipitwa. Tarehe 16 Januari 1994, katika uwanja wetu, mchezo ukiwa sare na mtu akiwa kituo cha tatu, shabiki mmoja wa upande wa pili aliyewahi kukaa mtaa huu alisimama akapaza sauti, "Anselmo! We Anselmo, mama yako kachoka kukulilia!" na marehemu, ambaye kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuitika jina hilo mbele ya watu, aligeuza kichwa, mpira ukampita hadi ukutani, yule wa kituo cha tatu akakimbia akafunga pointi ya ushindi, na mchezo ukaishia hapo. Kocha alipomuuliza huyo Anselmo ni nani, alijibu, "Ni marehemu kaka yangu," akavua kinyago chake cha kudakia, akaketi na viatu vyake mpaka taa za uwanja zikazimwa.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na Zunilda Peguero, wakajaliwa watoto wawili, Ramsés mwaka 1988 na Loida mwaka 1991, na wote wawili wameandikwa kuwa watoto wa Eliseo.

Hapa familia inaomba kusema pia habari za Mdogo, kwa sababu maisha ya hawa wawili hayatenganishiki. Mwaka 1984 Mdogo alikwenda kujaribiwa na klabu nyingine, akarusha vizuri, wakamuuliza jina, akalitaja, nao wakacheka, "Eliseo Hodge yuko Florida anadaka, wewe kijana ni nani?" Hakurudi tena. Alikata miwa, akabeba magunia bandarini, akaishi na mke wake bila kufunga ndoa kwa kuwa hakuwa na kitambulisho, na binti yake Dorka, anayewasomea maneno haya, aliishia darasa la nane kwa sababu mtihani ulidai cheti ambacho mtoto wa mtu asiye na jina hawezi kukipata. Kila Oktoba marehemu aliporudi na masanduku ya zawadi, Mdogo alimpokea, akambebea begani, na wakifika mlangoni alimuuliza, "Kaka, vipi lile jambo letu?" na jibu lilikuwa lile lile, "Msimu mmoja tu, Mdogo." Mama Ercilia naye kila tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote, alifagia kaburi lisilo na mtu na kuwasha mshumaa ili watu waone, na mwaka mmoja marehemu alipomkuta pale analia kweli, alimwambia, "Niache, mwanangu, nimeshazoea kukulilia." Mama alifariki tarehe 5 Juni 1999, na jambo hilo likiwa halijatengenezwa.

Mwaka 2002 ubalozi wa Marekani ulianza kuchunguza vyeti vya wachezaji, marehemu hakwenda kuomba viza, akaacha kucheza akiwa na miaka arobaini na moja. Tulidhani sasa atalirudisha jina, lakini nyumba ilikuwa ya Eliseo, watoto ni wa Eliseo, na malipo ya uzeeni kutoka Amerika yalikuwa yaje kwa Eliseo, akaogopa kwamba akivuta uzi mmoja nguo yote itafumuka. Alifundisha vijana kudaka, hakutaka hata senti yao, na kila kijana aliyeletwa kwake alimuuliza kwanza, "Jina hili ni lako?"

Kuanzia mwaka 2017 magoti yalikataa kabisa, na mipira iliyompiga usoni miaka yote ile ikaanza kudai, akawa anasahau. La ajabu ni kwamba alisahau jina la kazi akabaki na la utotoni, mke wake akiita Eliseo haitiki, akiitwa Anselmo anageuka mara moja. Mwaka jana hospitalini muuguzi alitoka akaita, "Eliseo Hodge!" marehemu akabaki ameketi anatazama ukuta, aliyesimama ni Mdogo, aliyekuwa amemsindikiza. Daktari akauliza, "Wazee wangu, mgonjwa ni yupi hapa?" na Zunilda akasema, "Wote wawili, daktari."

Alifariki Jumapili, tarehe 3 Machi 2024, alfajiri, kwa ugonjwa wa mapafu. Karani alipouliza jina la marehemu aandike, Zunilda alijua kwamba akisema Eliseo malipo ya Amerika yataendelea kumjia yeye mjane, na Mdogo atakuwa amekufa kwa sheria akiwa amesimama pale mlangoni. Wapo ndugu waliomvuta pembeni, "Zunilda, usiwe mjinga, Mdogo kaishi bila jina miaka arobaini, iliyobaki atashindwaje?" Mdogo mwenyewe alisema, "Shemeji, sema lolote, mimi nimezoea." Zunilda akamjibu, "Mimi sijazoea," akamgeukia karani, akasema, "Andika Anselmo Hodge."

Wiki hii, Mungu akipenda, Mdogo atakwenda na mashahidi kupiga picha ya kitambulisho, akiwa na miaka hamsini na tisa. Ameomba isisemwe hapa kwamba amesamehe, kwa sababu bado hajui, isemwe tu kwamba alimpenda kaka yake na kwamba alichelewa sana kurudishiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wachezaji wenzake waliotuletea kahawa na sukari ya msiba, na zaidi majirani wa Punta Seca, mlioficha jambo hili kwa sababu ya upendo, na leo tunawafungua, semeni jina lake kwa sauti. Sala za siku tisa zitakuwa nyumbani kwa Zunilda.

Marehemu atazikwa chini ya msalaba ule ule wa mbao, jina ni lake, mwaka 1975 umeshakwanguliwa asubuhi hii, na udongo wa kwanza utawekwa na Eliseo Hodge, yule pale mstari wa mbele mwenye shati jeupe, mzima.

Pumzika kwa amani, Anselmo. Ukisikia unaitwa, geuka, hakuna tena mpira wa kukupita.