Varvara Struchkova, Mpimaji wa Mto Tarynsala

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mtoto wa dada yake, niwasomee maisha ya mama yetu Varvara Nikolaevna Struchkova, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1936 katika kambi ya wafuga kulungu wa nchi za baridi, karibu na kijiji chetu cha Khonuu, akiwa kitinda mimba wa mzee Nikolai na mama Aksinya.

Alisoma shule ya bweni hapa Khonuu, kisha chuo cha upimaji ardhi Yakutsk, akahitimu mwaka 1957 na kuajiriwa kuchora ramani za vilima na mabonde ya Mto Indigirka, ambako kila barafu ikivunjika mito hubadili njia.

Kiangazi cha 1964, kikosi chake kilipomaliza kupima Mto Tarynsala, mashua ilipinduka kwenye maporomoko, mwendesha mashua Semyon Dyachkov akachukuliwa na maji, na marehemu, ambaye tayari alikuwa amelidaka sanduku la ramani, akaliachia na kumfuata. Alimvuta hadi ukingoni, mguu wa Semyon umevunjika. Mkuu wa kikosi akamfokea mbele ya wote, "Ndugu Struchkova, kazi ya kiangazi kizima umeitupa majini!" naye akamjibu, "Mto haujaenda popote, mkuu, nitarudi niupime. Semyon je, ningemrudia wapi?" Wenzake walicheka, yeye hakucheka, na alimwambia mama yangu kwamba alizililia karatasi zile kama mtu aliyefiwa. Kiangazi kilichofuata alirudi akaupima mto wote upya, mkuu yuleyule akimbebea darubini.

Tarehe 2 Aprili 1966 alifunga ndoa na Semyon, ambaye alichechemea hadi alipofariki mwaka 2003, wakajaliwa watoto wawili, Galina, na Prokopy, ambaye Mto Indigirka ulimchukua mwaka 1989 akivuka barafu changa, wala hakuonekana tena. Tulimsihi mama aombe kazi ya ofisini, akasema, "Nikiuogopa mto sasa, mwanangu nitamtafutia wapi?" akaendelea kupima hadi alipostaafu mwaka 1996.

Alianza kuugua moyo mwaka 2012, na tarehe 9 Novemba 2014 alifariki katika hospitali ya wilaya, mkono wake ukiwa mkononi mwa Galina.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake waliokuja kwa ndege kutoka Yakutsk, na ninyi majirani mliotoa kuni za akiba yenu, mkakesha mkiuchochea moto hapa makaburini hadi ardhi iliyoganda ikakubali kuchimbika.

Mama, udongo umepata joto. Pumzika kwa amani.