Bu Palupi Aliyesimama Mlangoni

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bu, yaani Mama, Endah Palupi, mtaalamu wa fizikia katika hospitali moja ya tiba ya mionzi hapa Solo. Tumemzika Jumatano. Alikuwa mwanamke wa kukereka. Alikereka asubuhi, alikereka akila, na mara nyingi haki ilikuwa yake.

Kilichomkera zaidi ni wino. Mgonjwa wa mionzi huchorwa mistari mwilini, na kila siku hulazwa chini ya mashine kwa kuifuata mistari hiyo. Mistari ikisogea, mionzi nayo inasogea. Inauacha uvimbe wa saratani, inachoma palipo pazima. Nasi watu wa Solo tunajijua. Kichefuchefu kikianza tu, tunasema upepo umeingia mwilini. Mtu anavuliwa shati, anapakwa mafuta, anakwaruzwa mgongo kwa sarafu ili upepo utoke, mpaka ngozi inaiva. Wino unaondoka na mafuta.

"Nimesema mpaka ulimi umeota sugu!" alikuwa akimlalamikia mumewe, Pak, yaani Bwana, Hardiman. "Wananiitikia 'ndiyo, Bu, ndiyo, Bu,' kisha wanakwenda kukwaruzana!"

Basi akaunda programu ya kompyuta. Programu inachukua picha ya mifupa ya mgonjwa akiwa kitandani, inailinganisha na picha ya siku ya kwanza, inakokotoa mikao chungu nzima, halafu inasema: sogeza kitanda huku, kiasi hiki. Inafuata mifupa. Haifuati wino. Wakubwa wakamwambia asubiri kwanza. Akasubiri, huku akifoka na kuijaribu pembeni kwa kila mgonjwa.

Siku moja akalazwa chini ya mashine Pak Sarjito, muuza supu ya mipira ya nyama. Uvimbe wake ulikuwa umeegemea uti wa mgongo. Kukosea hapo ni kumnyima mtu miguu. Programu ikasema amekaa kando, upana wa kidole. Daktari mkuu akaitazama mistari. Ilikuwa mizuri, imekoza.

"Kompyuta yako inaumwa, Bu. Tuanze."

"Hatuanzi."

"Wagonjwa wamejaa nje!"

"Wajae."

Mlango wa chumba kile usipofungwa, mashine haitoi mionzi. Bu Palupi akaenda kusimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Haya, fungeni tuone!"

Mke wa Pak Sarjito, aliyekuwa akingoja ukumbini, akaangua kilio.

"Ni mimi, Bu. Nilimkwaruza, mistari ikafutika. Nikaona haya kuwasumbua madaktari. Nikaichora upya kwa kalamu ya binti yangu."

"Mama wee! Si ungesema tu!"

"Lakini nilijitahidi inyooke, Bu."

Kitanda kikasogezwa kama programu ilivyotaka. Pak Sarjito anatembea mpaka leo. Na programu ile sasa inatumika kwa kila mgonjwa.

Bu Palupi ameondoka kwa maradhi ya moyo. Kifua kilikuwa kikimbana kwa majuma, naye hakumwambia mtu. Mdogo wake, Wulansari, alituambia kwa uchungu: "Anafanya kazi palipojaa madaktari! Namuuliza, dada, mbona ulinyamaza? Ananijibu, 'Wana wagonjwa wengi wale.' Nilitamani kumzaba kofi palepale kitandani."

Pak Hardiman, Wulansari na jamaa wote, poleni sana. Msiba huu ni wetu pia.

Nawe msikilizaji, kuna kinachokuuma na hujakisema? Unamwonea haya nani? Zima redio. Nenda ukaseme.