Nani Akae kwenye Miksa: Risala ya Kikosi cha Matangazo ya Nje

Mgeni rasmi, Mama Rahab Muturi, mwenyekiti wa bodi ya Redio Nzoia Juu; Bwana Meneja Kimaiyo; wageni wote mliofika hapa Kitale, hamjambo. Kabla ya lolote, kikosi kimeniagiza nikiri kwamba mjinga wa siku ile ya Malakisi alikuwa mimi, Wahome, msomaji wenu. Wamesema akisoma mwingine itaonekana ni uchongezi.

KARIBU
Tunakukaribisha, Mama, na tunashukuru kwa jinsi ulivyoishika maiki taratibu ulipotusalimu. Wako wanaoigonga kama mlango wa choo cha steji ya matatu, kisha wakaipuliza kama uji. Hatuwataji. Mmoja ameketi hapa mbele.

TULIKOTOKA
Tulianza mwaka 2004: Kipkosgei dereva, Wahome mtangazaji, na Jerono fundi wa mitambo. Maiki huingia kwenye miksa, kisanduku cha kupimia sauti, miksa huungwa kwa simu, simu hupeleka sauti studio. Jerono huvaa hedifoni na kutazama mshale wa kipimo cha sauti. Ukiingia kwenye nyekundu, anashusha sauti isikwaruze; ukilala, anaiinua.

MAFANIKIO
Tumetangaza mazishi, harambee na mechi, kutoka Kibabii hadi Lwakhakha. Wasikilizaji wanasema ati wanasikia hata ng'ombe akicheua. Sifa hiyo ni ya Jerono, ingawa ng'ombe hajadai chochote.

CHANGAMOTO
Mwezi wa Machi ofisi ilitaka kujaribu kikosi cha watu wawili, mtangazaji ajipimie sauti mwenyewe. Wahome alikubali mbio.

"Si ni kuzungusha kifundo tu, bana?" alimwambia Jerono.

Jerono akamkabidhi hedifoni, akaenda zake.

Kule Malakisi, Bwana Mukhisa, afisa wa mifugo, aliposimama kuhutubu, akina mama walimpokea kwa vigelegele, kama ilivyo desturi. Mshale ukaruka kwenye nyekundu. Wahome akashusha sauti hadi chini, akafurahi kuona mshale umetulia, akavua hedifoni apate kutabasamu vizuri. Bwana Mukhisa ni mtu wa sauti ya chini. Akaeleza polepole kwamba chanjo ya ng'ombe ya kesho imehamishwa kutoka Lwakhakha kuja Malakisi. Waliokuwa uwanjani walisikia. Waliokuwa kwa redio walisikia kimya kirefu, halafu Wahome, mdomo juu ya maiki, akisema, "Asante sana kwa ujumbe huo mzito."

Kesho yake wafugaji walipeleka ng'ombe Lwakhakha, wakakuta uwanja mtupu. Mama Mary Ann, mjane, alimswaga mtamba wake mmoja kwenda na kurudi. Chanjo iliyofuata ilimkuta hana mtamba.

MAOMBI
Turubai ya gari inavuja, lakini ingoje. Tunaomba jambo moja: mkataba wa Jerono, unaokwisha mwezi huu, uongezwe, na yeye peke yake ndiye aguse miksa tukiwa nje.

Mungu akulinde, Mama, wewe na nyumba yako, na kila unaposema usikike hadi mlimani. Sisi, Kikosi cha Matangazo ya Nje cha Redio Nzoia Juu, tunakuachia uamuzi, pamoja na majibizano ya mkutano wa Jumatatu, ambayo tumekubaliana yasomwe mwisho.

Bwana Meneja aliuliza, "Kwani mtangazaji hana mkono wa pili wa kuzungusha hicho kifundo?"

Jerono akajibu, "Mkono anao, Bwana Meneja. Masikio ndiyo hana. Aliyo nayo yanamsikiliza yeye mwenyewe."

Meneja akafunga mkutano.