Yaya Urbain na Daftari la Majina

Wapendwa mliofika asubuhi hii, ndugu wa Fittja na wa Rinkeby hapa Stockholm, majirani, wafanyakazi wenzake, na ninyi vijana wa timu mliovaa jezi chini ya makoti, familia inawashukuru kwa kuja kumsindikiza Urbain Mushagalusha, mume, baba, mwalimu na mtunza uwanja, na kazi ya kusoma maisha yake imekabidhiwa kwa mdogo wake, Clovis. Kwa desturi yetu msomaji hajiweki mbele ya marehemu, kwa hiyo karatasi hii haina "mimi", na kila mtakaposikia jina la Clovis jueni ni huyu huyu mnayemwona, ambaye angetoa chochote ili mtu mwingine asimame hapa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1966, Kadutu, mjini Bukavu, mtoto wa kwanza kati ya saba wa Papa Deogratias, fundi cherehani, na Maman Perpétue, muuza ndizi, na wa mwisho katika hao saba ni Clovis, aliyebebwa mgongoni na mkubwa wake huyo mpaka watu wa mtaani wakadhani ni mtoto wake. Sote tulimwita Yaya, kama kwetu tunavyomwita mkubwa. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1972 hadi 1978, akapata diploma ya serikali mwaka 1985 kwa upande wa hesabu, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha, na waliopita mikononi mwake wanakumbuka kwamba katika ripoti hakuwahi kumwandika mtoto mjinga, aliandika "hajaiva", basi, kisha akaendelea kumfundisha.

Alifunga ndoa na Colombe tarehe 12 Agosti 1995, na vita vilipofika mjini Oktoba 1996 walikimbia, yeye, mkewe na Clovis, hadi kambi ya Nyarugusu nchini Tanzania, ambako Mungu aliwajalia Victoire mwaka 1997, Bonheur mwaka 2000 na Arielle mwaka 2003. Walipoitwa kuhamishiwa Sweden, afisa alisema mdogo mtu mzima hahesabiwi katika familia, marehemu akajibu kwamba orodha isiyo na Clovis si orodha yake, akarudisha kalamu mezani, na watu watano wakasubiri miezi kumi na minne zaidi kwenye vumbi kwa ajili ya mtu mmoja. Waliingia Stockholm tarehe 9 Oktoba 2007, wote sita.

Baada ya masomo ya Kiswidi, tarehe 3 Mei 2010 aliajiriwa kutunza uwanja wa michezo kusini mwa mji, kukata majani, kuondoa theluji na kuchora mistari ya chokaa, na ni huko alikokutana na besiboli, mchezo ambao wengi wetu hatukuwa tumewahi kuuona, mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo mpaka arudi pale alipoanzia, panapoitwa nyumbani. Mwanzoni alidhani Wazungu wameamua tu kupoteza Jumapili, alisema mwenyewe, lakini siku alipogundua kwamba kila mpira unahesabiwa na kuandikwa, yule mwalimu wa hesabu aliyekuwa amelala ndani yake aliamka, na hakulala tena.

Aprili 2012 alinunua daftari la jalada la bluu, na kila msimu aliandika humo majina ya wachezaji wote, wakubwa na vijana, na mbele ya kila jina maoni yake, kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswidi chake, alisema, kilikuwa cha kuombea kazi, si cha kufikiria. Kwake kocha alikuwa mtu mwema mwenye macho mabovu. Mrushaji Henrik, miaka thelathini na tisa, bega lake lilikuwa limekwisha, bado alianzishwa kila mchezo kwa kuwa anachekesha watu kwenye chumba cha kuvalia, na marehemu aliandika kwamba vichekesho havifiki kwa mdakaji, yule anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji. Emil alipiga kila kilichopita mbele yake, hata njiwa angempiga, basi ashushwe timu ya pili mwaka mmoja ajifunze kusubiri, ila asifukuzwe, mikono anayo. Tania, binti wa Fisksätra anayerusha kwa mkono wa kushoto, kocha alimwona mdogo na mwembamba, marehemu akamfuata kocha siku tatu mfululizo, reki mkononi, akimwambia kwamba mwili utakuja wenyewe, jicho haliji, na mwaka 2019 Tania aliitwa timu ya taifa ya vijana, na leo yuko hapa safu ya pili, analia. Kuliko yote alishikilia jambo moja, kwamba mpigaji hodari kabisa hukosa mara saba katika kumi, kwa hiyo anayemwacha mtu kwa kosa moja hajui hesabu wala hajui watu.

Naye alikosea, jamani, tusimfanye malaika. Mwaka 2014 aliandika kwamba Humphrey, mwanafunzi kutoka Kampala, ana miguu ya bata na aachwe, kocha safari hiyo akaziba masikio, na Humphrey akamaliza msimu akiwa mpigaji bora wa timu. Marehemu hakununa wala hakutafuta visingizio, alimwendea mbele ya timu nzima, akavua kofia, akasema nilikosea, kisha akaliandika neno hilo katika daftari kwa wino mwekundu, na tarehe yake, na tangu siku hiyo Humphrey akawa mtu wa kula kwake. Lishikeni neno hilo, wapendwa, maana anayesoma hapa limemshinda kwa karibu miaka minane.

Jumapili tarehe 5 Machi 2017 Clovis alikwenda Fittja kula ugali na sombe, majani ya mihogo, kwa mkubwa wake, marehemu alikuwa jikoni, daftari lilikuwa mezani, na Clovis akalifungua. Alikuta majina ya watu zaidi ya thelathini, nani achomwe, nani aibe, Henrik "hamalizi mwaka huu", na katikati ya ukurasa, kwa mwandiko safi wa mwalimu: "Arielle atolewe sadaka, achomwe kituo cha kwanza, Tania afike nyumbani." Arielle ni kitinda mimba wa marehemu, wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Ninyi wa timu mnatabasamu, na ni haki yenu. Mnajua kwamba mpigaji anaweza kuugusa mpira kidogo tu, akakubali kutolewa yeye ili mwenzake asogee mbele, na Waswidi huliita hilo pigo la sadaka, na aliyetolewa husemwa amechomwa, na anayekimbilia kituo kabla mpira haujapigwa husemwa amekiiba, na marehemu alitafsiri neno kwa neno. Arielle alikuwa anaichezea timu ya vijana, basi. Lakini sisi tuliotoka Kivu, neno sadaka likikaa karibu na jina la mtoto, tunajua linavyosikika, kuna watu kwetu wamefukuzwa na hata kuuawa kama wachawi kwa neno hilo, na Clovis hakumuuliza mkubwa wake swali hata moja, alikula ugali ukaisha, akalitia daftari ndani ya koti, akalipeleka kwa mchungaji.

Tarehe 19 Machi 2017, baada ya ibada, katika ukumbi wa kukodi ambamo kanisa letu dogo lilikutana, marehemu aliwekwa mbele ya wazee, akajieleza kwa dakika arobaini, na kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuzama, maskini, kwani alisema kuna kuiba kituo na si dhambi, kuna wanaochomewa mlangoni pa nyumbani, na wakishachomwa watatu wanaingia wengine, mpaka maman mmoja akasimama na kuanza kukemea mapepo. Mwishowe marehemu aligeuka, akamtazama mdogo wake, akamwomba awaambie, kwa sababu kiangazi kilichotangulia Clovis alikuwa amekaa naye uwanjani Jumapili mbili, akaonyeshwa pigo hilo la sadaka kwa kidole, na akalipigia makofi.

Aibu ya karatasi hii iko hapa. Clovis alipoitwa alikumbuka. Alikumbuka jua, chai ya chupa, benchi lililopakwa rangi upya, na binti aliyetolewa akirudi kwa wenzake akicheka. Tangu dakika ile alijua daftari ni la mchezo. Lakini mchungaji alikuwa amekwisha kumsifu mbele ya watu kwa jicho lake la rohoni, ushemasi wake ulikuwa umebakiza wiki mbili, na Clovis akainamisha kichwa akasema yeye hajui kitu. Daftari la bluu lilichomwa siku hiyo hiyo nyuma ya ukumbi, kwenye jiko la kuchomea nyama, pamoja na ile "nilikosea" ya Humphrey, na tarehe 2 Aprili Clovis akavikwa ushemasi, suti mpya, picha, makofi.

Marehemu aliondolewa kwenye kwaya, watu wakaacha kula chakula chake, wengine wakahama upande wa barabara wakimwona anatoka kwenye treni, na Colombe, kwa hofu ya mama, akamchukua Arielle akahamia kwa binamu yake Rinkeby. Miezi mitano. Aliyemrudisha Colombe ni Arielle mwenyewe, aliyechoka kumweleza mama mchezo huo kwa Kiswidi asieleweke, akamshika mkono, akamkalisha kwenye benchi la uwanja, na Colombe akamwona mtoto wake akitolewa sadaka mbele ya macho yake, Tania akafika nyumbani, na Arielle akaja mbio kuomba maji, hajaungua popote. Tarehe 27 Agosti 2017 Colombe alirudi Fittja, akapiga magoti jikoni, na marehemu akamwinua akamwuliza kama amekula. Kanisa halikumwomba radhi. Na kwa miaka yote iliyofuata marehemu hakumwambia mkewe wala watoto kwamba Clovis alijua, Maman Colombe analisikia leo, hapa, kwa mara ya kwanza, na Clovis hathubutu kuinua macho kumtazama.

Septemba 2024 marehemu alianza kulalamika maumivu ya tumbo, akagunduliwa ana saratani ya kongosho, na katika miezi yote ya ugonjwa mdogo wake alimtembelea mara mbili, mara zote mbili wakazungumza habari za mabasi na barafu, Clovis akatazama saa, akaondoka. Alifariki Jumatatu tarehe 27 Januari 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Colombe, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, ameacha mjane na watoto watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule wa zamu ya asubuhi aliyejifunza kusema "habari ya kuamka", inawashukuru majirani wa ngazi yao Fittja waliopanda na masufuria bila kuuliza, wafanyakazi wenzake wa uwanjani, waliochora mistari ya chokaa juu ya theluji siku aliyofariki, na timu nzima, na kocha, ambaye amekiri leo mlangoni kwamba kuhusu Henrik marehemu alikuwa sahihi.

Limebaki moja. Wiki moja baada ya msiba Arielle alimletea Clovis daftari la pili la baba yake, la kijani, na ukurasa wa mwisho ulikuwa kikosi cha mazishi haya. Humphrey abebe mbele kulia, miguu anayo, nilishakiri. Tania abebe pia, asiambiwe hawezi. Papy wa kwaya aimbe, beti mbili tu, akizidi atolewe. Kisha: "Clovis asome. Watasema abadilishwe. Asibadilishwe." Na kweli walisema, na wa kwanza kusema alikuwa Clovis.

Arielle akamwambia afunue nyuma. Kila msimu, kuanzia 2017 hadi 2024, chini kabisa ya orodha, chini ya wachezaji wa akiba, palikuwa na jina moja ambalo halijawahi kushika gongo, na mbele yake maneno yale yale, mara nane, kwa mwandiko ule ule wa mwalimu: "Clovis. Hajaiva. Asiachwe." Januari mwaka huu, mwandiko ukitetemeka, mbele ya jina hilo yapo maneno mawili tu: "Zamu yake."

Basi wote mliokuwa ukumbini siku ile, na ninyi ambao hamkuwepo, sikieni. Urbain Mushagalusha hakuwa mchawi. Aliyetolewa sadaka alikuwa yeye, ili mdogo wake asogee mbele. Karatasi hii iliahidi kwamba haina "mimi", na ahadi hiyo inavunjwa kwa neno moja, lile lililochomwa nyuma ya ukumbi, ambalo leo limeandikwa upya katika daftari la kijani kwa wino mwekundu, tarehe 21 Februari 2025.

Nilikosea.

Pumzika sasa, Yaya, kwa ile amani niliyokunyima.